Kumpima Anayekua

Kuna swali ambalo mashabiki wa mpira hulijadili kila siku bila kutambua kwamba ni swali la maadili, tena ni swali la imani. Swali lenyewe ni hili: kijana huyu anakua, au ameshasimama? Wanaouliza hudhani wanazungumzia mguu wa kushoto, kasi, pumzi na pasi. Lakini ukiwasikiliza kwa makini utaona wanazungumzia jambo kubwa zaidi: mtu ambaye bado hajakamilika apimwe kwa kipimo gani, apimwe na nani, na hukumu yake itolewe lini.

Hapa Mlingotini, kijiji cha wavuvi na wakulima wa mwani kusini mwa mji wa Bagamoyo, mjadala huo huanza baada ya swala ya alasiri, ngalawa zikiwa zimeshapandishwa ufukweni na akina mama wakiwa wamerudi kutoka kwenye mashamba yao ya baharini. Waislamu ni wengi kijijini na sisi Wakristo ni wachache, lakini kijiwe hakiulizi dini ya mtu. Kinauliza Simba au Yanga. Na siku ambayo Simba na Yanga hawana jipya, kijiwe hugeukia vijana wanaochipukia: nani atafika mbali, nani amelewa sifa, nani "ameisha" kabla hajaanza.

Kwa miezi kadhaa mada ilikuwa kijana wa hapa hapa, wa miaka 17, ambaye sitamtaja jina. Mama yake analima mwani. Yeye alianza na chandimu mchangani kama wenzake wote, akang'ara kwenye ndondo, akachukuliwa na timu ya vijana ya klabu moja ya Dar es Salaam. Aliacha shule akiwa kidato cha tatu. Baada ya msimu mmoja alirudishwa. Alirudi na begi lake na jozi moja ya njumu.

"Mzee wangu, yule ameisha," alisema dereva mmoja wa bodaboda. "Miaka 17 wenzake wanagombea namba ligi kuu. Yeye hata kukaba hajui."

"Mwanangu," alijibu mzee mmoja fundi wa mashua, "ubao ukiupigilia ungali mbichi, ukikauka utaacha upenyo na maji yataingia. Lawama hiyo si ya ubao, ni ya fundi aliyekuwa na haraka."

"Haraka gani tena, Mzee? Tangu chandimu tunampa muda!"

Kijana mwenyewe alikuwa hatua kumi hivi kutoka pale, akijifanya anachaji simu kwenye kibanda. Wiki iliyofuata alikwenda baharini na mjomba wake. Sisemi kwamba alikwenda kwa sababu ya maneno yale. Mwanamume kutafuta riziki si aibu, na bahari imewalea watu wengi hapa. Nasema tu kwamba aliyasikia, na kwamba wasemaji wote wawili, yule mkali na yule mpole, hawakuona kuwa anawasikia. Walikuwa wamekwisha kumgeuza mada.

Tusidhani hili ni jambo la vijijini tu. Mwezi Aprili 2019 Tanzania ilikuwa mwenyeji wa fainali za Afrika za vijana chini ya umri wa miaka 17, jijini Dar es Salaam. Katika kikosi cha Serengeti Boys alikuwamo mshambuliaji Kelvin John, akiwa na umri wa miaka 15, na tayari mashabiki walikuwa wamempa jina la Mbappe. Tutafakari kidogo jina hilo. Kylian Mbappé alikuwa ametwaa Kombe la Dunia na Ufaransa mwaka mmoja tu kabla. Mtoto wa miaka 15 anavishwa jina la bingwa wa dunia, halafu anaambiwa aingie uwanjani. Serengeti Boys walifungwa na Nigeria 5-4, wakafungwa na Uganda 3-0, wakafungwa na Angola 4-2, wakatoka. Nchi iliyoimba wimbo wa sifa kwa mwezi mzima ikageuka kuimba wimbo wa lawama. Kijana huyo aliendelea na safari yake: alikwenda kusoma na kucheza Uingereza, na alipofikisha miaka 18, umri ambao kanuni za FIFA kwa kawaida huruhusu mchezaji kuhamia klabu ya nchi nyingine, alijiunga na Genk ya Ubelgiji mwaka 2021. Miaka yote hiyo swali la mashabiki halikubadilika: mbona bado?

Neno hilo "bado" ndilo kiini cha hoja yangu. Kiswahili kimelipa neno hilo kazi mbili. Ukimuuliza mama jikoni kama chakula kiko tayari, akasema "bado", anakuambia kuwa kitaiva, subiri. Shabiki akisema kijana "bado", mara nyingi ana maana kwamba ameshindwa. Neno ni lile lile, lakini la kwanza lina tumaini ndani yake na la pili ni hukumu.

Mbwana Samatta anatufaa hapa kama kipimo, kwa sababu safari yake imekwisha kuonekana. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1992, akacheza Mbagala, akapita Simba, na mwaka 2011 akaenda TP Mazembe ya Lubumbashi. Hapo alikaa takribani miaka mitano. Miaka mitano ni mirefu sana kijiweni. Mwaka 2015 alitwaa na Mazembe ubingwa wa klabu bingwa Afrika, na mwanzoni mwa 2016 akatangazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Ndipo akaenda Genk. Ligi Kuu ya Uingereza aliifikia Januari 2020, akiwa na miaka 27, na tarehe 1 Machi mwaka huo alifunga kwa kichwa katika fainali ya Kombe la Ligi pale Wembley, ingawa Aston Villa walifungwa na Manchester City 2-1. Lau kijiwe kingeachiwa kufunga hesabu yake akiwa na miaka 20, tungemwandikia hesabu isiyo yake. Na miezi michache baada ya bao lile la Wembley, alipopelekwa Uturuki kwa mkopo, wapo waliosema tena kwamba ameisha.

Hata hivyo nisiwe mwepesi. Mtu anaweza kujibu: umemchagua aliyefanikiwa. Kwa kila Samatta mmoja wako vijana mamia waliosubiriwa na hawakufika popote, na subira ile iliwagharimu shule, ufundi na ujana. Je, si huruma kumwambia kijana ukweli mapema? Hoja hii ni nzito, na mwalimu yeyote anaijua. Kijana wetu aliacha kidato cha tatu kwa sababu watu wazima walimwambia maneno matamu. Sifa zilimdhuru kabla lawama hazijamfikia. Kwa hiyo jibu haliwezi kuwa kwamba tuwe wapole tu, tunyamaze, tumwache kila mmoja na ndoto yake.

Maandiko Matakatifu yanatuonyesha mjadala wa aina hii hii, na ajabu yake ni kwamba waliojadiliana walikuwa mitume. Kijana aliitwa Yohane, na jina lake la pili Marko. Paulo na Barnaba walimchukua katika safari yao ya kwanza kama msaidizi (Mdo 13:5). Walipofika Perge katika Pamfilia, aliwaacha akarudi Yerusalemu (Mdo 13:13). Luka hasemi kwa nini. Pengine aliogopa, pengine aliugua, pengine alikumbuka nyumbani. Baadaye Paulo alipotaka kurudi kuwatembelea ndugu, Barnaba alisema wamchukue tena Marko, Paulo akakataa: mtu aliyewaacha njiani hafai kwa kazi hii. Mabishano yakawa makali hata wakatengana. Barnaba akamchukua Marko wakaenda Kupro, Paulo akamchagua Sila (Mdo 15:36-40).

Wengi wetu tukisoma habari hii tunamhurumia Marko na kumlaumu Paulo. Lakini Luka mwenyewe hamlaumu yeyote. Paulo hakuwa shabiki aliyeketi pembeni. Katika safari ile, baada ya Marko kuondoka, alipigwa mawe Listra akaburutwa nje ya mji akidhaniwa amekufa (Mdo 14:19). Alijua kazi ile inadai nini kwa mwili wa mtu. Kumpeleka tena kijana asiye tayari mahali pa mawe kungeweza kuwa ukatili unaojiita huruma. Kocha anayemwacha benchi mtoto wa miaka 16 asivunjwe mguu na mabeki wenye miaka 30 hamchukii mtoto huyo.

Barnaba naye hakuwa mtu wa maneno matamu. Tuangalie alichofanya. Alimchukua Marko. Hakubaki Antiokia akimtetea barazani. Alipanda naye chombo. Tena alimpeleka Kupro. Kupro palikuwa kwao Barnaba (Mdo 4:36), na ndipo mahali ambapo Marko alikuwa amefanya kazi bila kushindwa katika safari ya kwanza. Ni baada ya kuvuka kutoka Kupro ndipo alipoanguka. Barnaba alimrudisha kijana pale alipopaweza mara ya mwisho, ili aanze tena kutoka hapo. Kwa lugha ya mpira tungesema alimpeleka kwa mkopo kwenye timu ndogo. Kocha yeyote mwenye busara anaelewa jambo hilo.

Na Barnaba alikuwa na uzoefu wa kazi hii. Miaka mingi kabla, Saulo mtesaji alipofika Yerusalemu akidai ameongoka, wanafunzi walimwogopa, na Barnaba ndiye aliyemshika mkono akampeleka kwa mitume (Mdo 9:26-27). Yule aliyekataa kumpa Marko nafasi ya pili alikuwa mwenyewe mtu wa nafasi ya pili. Huenda alikuja kulikumbuka hilo, kwa maana katika barua kwa Timotheo tunasoma Paulo, akiwa kifungoni, akiagiza Marko aletwe kwake kwa kuwa anamfaa kwa huduma (2 Tim 4:11). Mapokeo ya kale yanamtaja Marko kuwa mwandishi wa Injili na mwanzilishi wa Kanisa la Aleksandria, katika bara letu hili la Afrika. Yule aliyesemwa kuwa hafai alifaa. Lakini hakufaa kwa sababu mabishano yalimalizika kwa upande wake kushinda. Alifaa kwa sababu mtu mmoja alisafiri naye.

Hapa napata kipimo cha kwanza. Haki ya kusema juu ya anayekua inatokana na kushiriki katika kukua kwake. Bwana Yesu alisimulia mfano wa mtini usiozaa kwa miaka mitatu (Lk 13:6-9). Mwenye shamba anataka ukatwe. Mtunza shamba anaomba mwaka mmoja zaidi. Lakini tuone vizuri anaomba kwa masharti gani: ataupalilia pande zote na kuutia samadi. Haombi muda mtupu. Anayeomba muda ndiye huyo huyo atakayeinama na jembe. Shabiki anayesema "mpeni muda" kisha akaondoka hajatoa chochote. Ametoa muda wa mtu mwingine. Na shabiki anayesema "kateni" naye hajawahi kumwagilia mti huo hata kata moja ya maji. Wapole na wakali wa kijiweni, kwa hesabu hii, ni ndugu. Wote wanagawa kisicho chao.

Akina mama wa Mlingotini wanaufahamu mfano huu bila kufafanuliwa na padre. Mwani hufungwa mbegu kwenye kamba, na kamba kwenye vijiti vilivyochomekwa mchangani, maji yakiwa yamekupwa. Baada ya hapo ni kusubiri wiki sita hivi. Anayevuna mapema kwa sababu ana shida ya fedha hupata mwani mwepesi, wenye utomvu kidogo, nao hauna thamani kwa mnunuzi. Lakini hakuna mama anayesubiri wiki sita akiwa amekaa barazani. Kila bamvua anarudi shambani: anakaza kamba iliyolegea, anatoa magugu, anafunga upya mbegu iliyong'olewa na mawimbi. Na kama maji yamekuwa ya moto kupita kiasi, hasa kwa aina ile ya kotonii, mwani hufa hata kama mkulima hakukosea lolote. Mkulima anajua pia kwamba hatawali bahari. Subira yake ina kazi ndani yake, na ina unyenyekevu.

Mtakatifu Thomas wa Akwino anafundisha kwamba fadhila ya matumaini ina maadui wawili, wala si mmoja. Wa kwanza ni kukata tamaa. Wa pili ni kujiaminisha kupita kiasi, yaani kujiona umekwisha kufika mahali ambapo bado uko njiani kwenda. Yeye alikuwa akizungumzia matumaini yetu kwa Mungu, lakini maadui hao wanaonekana pia katika namna tunavyowatumainia watu. Anayemwita mtoto wa miaka 15 Mbappe amemfikisha kabla hajasafiri. Anayemwita kijana wa miaka 17 galasa amemzika kabla hajafa. Wanaonekana kupingana, lakini wana kosa moja: wote hawawezi kuvumilia kutojua. Wanataka mwisho wa hadithi leo. Matumaini ya kweli hukaa katikati, mahali pasipo raha, ambapo mtu husema: sijui atakuwa nani, nami nitafanya leo kinachonihusu.

Inasimuliwa kwamba Thomas mwenyewe, alipokuwa mwanafunzi, wenzake walimwita ng'ombe bubu kwa sababu alikuwa mnene na mkimya, na kwamba mwalimu wake, Mtakatifu Alberto Mkuu, alisema ipo siku mlio wa ng'ombe huyo utasikika duniani kote. Alberto alikuwa mwalimu wake wa kila siku. Alisema kwa kuwa alikuwa amesahihisha kazi zake.

Sasa nirudi kwa hoja ya shabiki. Atasema: mimi nimelipa kiingilio, au walau nimelipa pale kibanda umiza, mpira ni burudani ya watu, na mchezaji anayecheza mbele za watu amekubali kusemwa. Ni kweli, na sioni dhambi yoyote katika kusema kwamba leo kijana amepoteza mipira, kwamba hakurudi kukaba, kwamba bao lile lilikuwa uzembe wake. Maneno hayo yana tarehe. Yanahusu tendo, na tendo lililoonekana linaweza kusemwa. Katazo la Bwana la kuhukumu (Mt 7:1) haliwezi kuwa na maana kwamba tujifanye vipofu, maana mistari michache mbele anasema mti utambulikane kwa matunda yake. Tatizo linaanza pale tarehe inapofutwa. "Leo amecheza vibaya" ni maelezo. "Huyu hafai" ni hukumu juu ya mtu mzima wa kesho kwa ushahidi wa mtoto wa leo. Ni Mungu peke yake anayeuona mwisho tangu mwanzo. Tukiizungumza lugha hiyo tunakaa kwenye kiti kisicho chetu.

Kuna jambo jingine la lugha ambalo sisi wa mwambao huu tunapaswa kulisikia kwa masikio ya pekee. Mashabiki husema mchezaji "ameuzwa", "ananunuliwa", "ana bei nzuri", "hana soko". Najua ni lugha ya biashara ya mikataba, na mchezaji husaini mwenyewe na hulipwa. Sitaki kufananisha vitu visivyofanana. Lakini Bagamoyo ni mahali ambapo watoto wa watu waliwahi kuuzwa kweli. Misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu iliyoanzishwa hapa mwaka 1868 iliwalea watoto wengi waliokombolewa kutoka utumwani, yaani waliolipiwa fedha ili wawe huru. Wazee wa vizazi vile walijua kwa uchungu tofauti kati ya thamani ya mtu na bei yake. Neno linalorudiwa kila siku hufundisha jicho. Tukizoea kuuliza kijana ana bei gani, siku akikosa bei tutakosa namna ya kumwona.

Na hapo ndipo penye jiwe la msingi la jambo hili. Tuseme kijana hakui. Tuseme tumempalilia, tumemtia samadi, mwaka umepita, na hakuna tunda la mpira. Mfano wa mtini hauondoi shoka. Mtunza shamba mwenyewe anakubali kwamba usipozaa, basi ukatwe. Na Yesu hatuambii kama ulizaa. Je, imani ina la kumwambia kijana ambaye hatafika?

Mwaka 1980 timu ya Tanzania ya mpira wa magongo ilikwenda kwenye michezo ya Olimpiki pale Moscow. Ilifungwa na India mabao 18-0, ikamaliza ya sita kati ya timu sita. Kwa kipimo cha matokeo, hakuna la kujivunia. Vijana wale leo ni wazee, na kijiwe hakiwataji. Lakini hakuna mtu mwenye akili timamu atakayesema kwamba maisha yao yalikuwa na thamani ya 18-0. Walikuwa watoto wa mtu, baadaye pengine baba wa mtu, majirani wa mtu. Matokeo yaliupima mchezo wao wa siku ile, na mchezo wao wa siku ile tu.

Kwa hiyo shoka lina mahali pake, lakini tujue linakata nini. Linaweza kukata mkataba, namba kikosini, hata ndoto. Kocha anaweza, na wakati mwingine anapaswa, kumwambia kijana: mwanangu, njia hii imefika mwisho, twende tukatafute nyingine. Maneno hayo yakisemwa na mtu aliyeshika jembe, ana kwa ana, pamoja na shule ya kurudia au ufundi wa kuanza, ni tendo la upendo. Lakini shoka halimkati mtu. Kijana wa Mlingotini akiwa mvuvi hajapungukiwa kitu. Bwana aliwakuta mitume wake wa kwanza kwenye nyavu. Kama ni kosa, basi ni la wale waliomfundisha kwamba kuvua ni kushindwa.

Mama wa Samweli, Hana, alimpeleka mwanawe hekaluni Shilo angali mdogo, nao wakaonana mara moja kwa mwaka. Na kitabu kinasema kwamba kila mwaka alimshonea kanzu ndogo akampelekea (1 Sam 2:19). Maana yake ni kwamba kila mwaka alimpima. Alitaka kujua amekua kiasi gani, ili kanzu imtoshe. Mchuuzi naye hupima, ili ajue atauza kwa bei gani. Vidole vinavyoshika kitambaa vinaweza kufanana, na tofauti yote ikawa katika kile kinachofuata baada ya kupima. Hana hakumlaumu mtoto kwa kuwa kanzu ya mwaka jana imembana, wala hakumlaumu kwa kuwa ya mwaka huu inapwaya kidogo. Alishona.

Tutaendelea kuwajadili vijana wetu. Sitarajii kijiwe kifungwe, na kwa kweli kingefungwa kijiji kingepoa. Lakini muumini anayeketi pale anaweza kufanya mambo matatu bila kuharibu utamu wa mazungumzo. Aweke tarehe kwenye kila analosema, ili "leo" isigeuke "milele". Ajiulize kabla ya kusema "mpeni muda" au "mwacheni" kama yeye mwenyewe ameshika jembe upande wowote. Na aangalie kama kijana mwenyewe yuko karibu. Akiwa karibu, amwite kwa jina lake, lile alilopewa na mama yake, amwulize kama amekula, kama amefikiria kurudi shule, kama njumu bado zinamtosha. Huko ndiko kupima ambako Hana alikujua, na ndiko Mungu anakotupima sisi sote, ambao bado tunakua.